Lete, utamwaga

Dedza, Malawi
Jumapili, 15 Juni 2025

Baba na Mama wapendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni.

Simu ya wiki iliyopita ilikatika nikiwa bado nasalimia, kwa hiyo naandika. Kaka atawasomea, Baba asihangaike na miwani. Nimesikia ng'ombe kazaa ndama jike. Hongereni! Nimesikia pia kwamba kwenye kipaimara wajomba waliuliza Sista anafanya nini hasa huko, na Kaka akawajibu, "Anafundisha watoto." Kaka, sifundishi watoto. Nafundisha wanaowafundisha watoto, na wengine wana wajukuu wakubwa kuliko wa Mama.

Mwezi huu huku ni baridi kweli. Dedza iko juu milimani, asubuhi ukungu unalala barabarani kama kwetu mwezi wa Julai, na mimi navaa sweta mbili chini ya vazi la utawa. Barabara kuu inayoshuka kusini kuelekea Ntcheu kuna mahali inafuata mpaka wenyewe: unanunua viazi upande huu, ukivuka lami umefika Msumbiji. Hakuna anayeshangaa isipokuwa mimi.

Baada ya masifu na Misa (kama padre hajaenda vigangoni) napanda kabaza, yaani baiskeli ya abiria. Nakaa nyuma, upande upande, mfuko wa vifaa mapajani, na kijana ananyonga pedali mpaka kijijini. Kwenye kilima nashuka tunasukuma wote. Nauli haipungui.

Shule zenyewe msizifikirie kama chekechea ya parokiani kwetu. Nyingine ni kibanda cha matofali mabichi na nyasi, nyingine ni mwembe tu. Kwetu watu wazima walikuwa wakisema shule ya vidudu. Huku jina lake ni mkomba phala. Phala ni uji. Kukomba ni kukomba kule kule kwetu, kwa kidole, mpaka sufuria ing'ae. Nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka, nikadhani ni utani. Sasa najua ndilo jina sahihi kuliko yote, kwa sababu siku ambayo jiko haliwaki, watoto hawaji. Mama mmoja anasaga mahindi na soya, makopo manne kwa moja, na watoto wanajua kwa harufu ya moshi kama leo kuna shule.

Walezi ni kina mama wa hapo hapo kijijini na hawalipwi chochote. Mwaka jana sikulielewa hilo. Nilipanga mafunzo ya wiki mbili mwezi wa Januari, nikaandaa kila kitu, wakaja sita kati ya ishirini na wanne. Nilinuna, nawaambia ukweli. Mfumu, ambaye ni kama mwenyekiti wetu wa kijiji ila yeye amerithi, aliniita akanieleza taratibu: Januari ghala ni tupu, mahindi mapya bado yako shambani, kwa hiyo watu wanakwenda kufanya ganyu, wanapalilia mashamba ya wenzao wapate unga wa siku hiyo. Mimi mtoto wa mkulima nilihitaji kuelezwa hilo! Mwaka huu nimeanza Mei, mahindi yakiwa yameshavunwa, na wamekuja ishirini na wawili.

Lugha inanisaidia na inanichezea. Madzi ni maji, pamodzi ni pamoja, mandasi mnayajua. Lakini mlezi akipaza sauti "Imani!" hahubiri, anawaambia watoto wasimame. Na saa ndiyo iliyoniaibisha. Huku wako nyuma yetu kwa saa moja na wanahesabu saa kwa Kizungu. Nikiwa na mawazo yangu niliandika ubaoni kikao ni "2 koloko", kichwani mwangu saa mbili asubuhi. Nilikaa peke yangu na mbuzi wa jirani mpaka saa nane mchana, walipofika wote pamoja, kwa wakati, wakanikuta nimekasirika.

Sasa Mama, kuna jambo la kuungama. Nimekutangaza Malawi nzima.

Njia ya Montessori ninayowafundisha walezi, ya kumwacha mtoto mdogo ajifunze kwa kufanya mwenyewe, ina mazoezi ya mikono kabla ya kalamu. Mtoto anamimina maharage kutoka kikombe hiki kwenda kile, halafu maji, halafu anakunja kitambaa. Mlezi anaonyesha mara moja, polepole, kisha anakaa. Hapo kwenye kukaa ndipo penye kazi yangu yote. Kuonyesha wanaonyesha vizuri mno. Kukaa hawawezi. Mtoto akitetemesha kikombe tu, mkono wa mtu mzima umeshafika: "Tabweretsa!" Yaani, lete hapa.

Nikawasimulia habari ya kibuyu. Mama utakumbuka, nilikuwa na miaka minne au mitano, kila nilipotaka kumimina maziwa ulikuwa unasema, "Lete, utamwaga." Na siku moja ulikuwa shambani, nikamimina mwenyewe, nikamwaga kweli, nikafuta kwa gauni langu la Pasaka. Walicheka mpaka bibi mmoja akafuta machozi kwa chitenje chake, kisha akasema hata mama yake alikuwa hivyo hivyo, na yeye ni hivyo hivyo. Usinikasirikie. Tangu siku hiyo, mlezi mmoja akinyoosha mkono, wenzake wanamwambia kwa Kiswahili changu, "Lete, utamwaga," naye anaurudisha.

Jumanne iliyopita yule bibi ndiye alikuwa zamu. Mtoto wa kiume, miaka mitatu hivi, shati bila vifungo, akamimina maharage, yakatapakaa kwenye mkeka wote. Nikauona mkono wa bibi unaondoka. Ukafika nusu ya njia. Akaukamata kwa mkono wake mwingine, akaukalia! Kweli, aliukalia. Mtoto aliokota punje moja moja, kwa vidole viwili, ulimi umetoka nje. Uji uliiva, wenzake wakaenda, yeye yuko pale pale. Punje moja aliitia mdomoni, akaitoa, akaiweka kikombeni na zingine. Alipomaliza bibi akasema kwa sauti ndogo, "Wachita yekha." Amefanya mwenyewe. Kisha akaniuliza kama sasa anaruhusiwa kuutoa mkono, maana umekufa ganzi.

Wako wanaodhani njia hii ni ya shule za matajiri wa Lilongwe. Nawaambia Maria Montessori alikuwa daktari, na mwaka 1907 alianza na watoto wa San Lorenzo, mtaa wa walalahoi mjini Roma, ambao wazazi wao walikwenda kazini wakiwaacha wanazurura. Hapo wananisikiliza. Wazazi bado wanataka mtoto aimbe ABC kwa Kiingereza wiki ya kwanza, la sivyo hajasoma kitu. Ubishi huo mnaujua, hata kwetu upo.

Vifaa tunatengeneza wenyewe. Herufi za msasa tunachora kwa gundi kwenye kadibodi, tunanyunyizia mchanga uliochekechwa. Mnara wa rangi ya waridi ndio ulionishinda. Ni vipande kumi vya mbao ambavyo mtoto anavipanga kimoja juu ya kingine, cha kwanza sentimita moja kila upande, cha mwisho sentimita kumi. Fundi mmoja alinitengenezea kwa mbao mbichi. Zikakauka kila moja kivyake, na sasa mnara wangu umeinama kama mlevi wa Jumamosi. Watoto wanaupenda hivyo hivyo kwa sababu unaanguka vizuri. Kile kipande kikubwa mpishi amekichukua, anakiweka chini ya sufuria isiyumbe, na sijapata ujasiri wa kukidai.

Kaka, ukipata mtu anayekuja Mbeya, mpe msasa laini wa karatasi, hata ishirini, na kahawa robo kilo. Masista wenzangu wanatoka Mbeya mwezi wa nane, watavuka Kasumulu wakinibebea. Baba, ule mguu nenda ukapimwe, usingoje mimi nije.

Na Mama, kile kikombe cha bati chenye mdomo uliobonyea, kama bado kipo, usimpe mtu. Kimimine maji uone: yanatoka kwa mstari mwembamba, hayatapakai. Huku nimetafuta sokoni wiki tatu na sijapata kinachomimina vizuri hivyo.

Wenu katika Kristo,
Sista