Tovuti Ipo Vilevile, Sasa Ada ya Kusasisha PHP ni ya Nini?

Lalamiko hili haliishi. Mteja analipa ankara, anafungua tovuti yake, anakuta rangi zilezile, picha zilezile, namba ya simu palepale chini, kisha anatupigia sisi mafundi wa tovuti: "Jamani, mmenifanyia nini hasa? Si kwenye cPanel kuna sehemu ya kuchagua toleo la PHP, mtu anabonyeza tu?" Wa juzi alifika mpaka kutamka neno wizi. Limetuuma, na tunamjibu hapa pamoja na wengine wote.

PHP ni lugha ya programu inayoiendesha tovuti yako ndani ya seva, yaani kompyuta inayoihifadhi, na cPanel ni ukurasa wa kuisimamia. Kubonyeza ni bure. Ada inalipia yanayofanyika kabla na baada ya kubonyeza.

Ona kwanza kwa nini toleo la zamani ni hatari. Desemba 2011, kwenye mkutano wa usalama wa kompyuta wa 28C3 huko Berlin, watafiti Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha jinsi mtu mmoja mwenye intaneti ya kawaida anavyoweza kuilaza seva bila nenosiri na bila kuiba chochote. Anatuma fomu tu. Fomu ikifika, PHP inachukua jina la kila sehemu iliyojazwa na kulipigia hesabu, na jibu la hesabu ndilo linalosema jina likae wapi, kama barua zinavyogawiwa kwenye masanduku ya posta. Majina yakitawanyika, kazi inakwenda haraka. Tatizo ni kwamba hesabu yenyewe inatabirika: unazidisha kwa 33, unajumlisha herufi inayofuata. Kwa kompyuta E ni 69 na z ni 122, kwa hiyo 69 mara 33 jumlisha 122 unapata 2399. F ni 70 na Y ni 89. Piga hesabu, unapata 2399 ileile. "Ez" na "FY" yanaangukia sanduku moja. Ukiyaunganisha, EzEz, EzFY, FYEz na FYFY yote yanakwenda palepale, ukiongeza jozi nyingine yanakuwa manane, na hivyo hivyo hadi maelfu. Kila jina jipya likiingia, PHP inalilinganisha na yote yaliyotangulia. Nusu megabaiti ya fomu kama hiyo, ndogo kuliko picha moja ya simu yako, ilitosha kuishughulisha prosesa kwa takriban dakika nzima. Wateja wako wanaona ukurasa mweupe unaozunguka tu.

Kiraka, yaani marekebisho ya kuziba tundu hilo, kilitoka na PHP 5.3.9, tarehe 10 Januari 2012. Kilileta kikomo kinachoitwa max_input_vars: fomu moja isizidi sehemu 1000. Haikuchukua hata mwezi, mtafiti wa usalama Stefan Esser akagundua kuwa kiraka chenyewe kina tundu baya zaidi, la kumwezesha mtu wa nje kuendesha programu zake ndani ya seva yako. Tarehe 2 Februari likatoka toleo 5.3.10 kuliziba. Anayetuuliza kwa nini mkataba wa matengenezo ni wa kila mwezi na si wa mara moja, jibu letu ni hilo. Aliyesasisha Januari akaenda zake, Februari alikuwa wazi.

Sasa ona kikomo hicho kinavyogusa kazi ya kawaida. Shule moja ya sekondari ilitujia ikiwa na hasira na fundi wake wa zamani. Mwalimu wa taaluma anaingiza alama za kidato kizima kwenye ukurasa mmoja: wanafunzi 120, masomo tisa, jumla visanduku 1080. Anabonyeza hifadhi, mfumo unamwambia tayari. Kumbe kuanzia mwanafunzi wa 112 alama hazikuingia, na kwa kuwa orodha ni ya alfabeti, waliokosa ni walewale wa mwisho kila muhula. PHP ilikuwa ikiandika onyo kwenye logi, daftari la matukio la seva, lakini hakuna aliyeifungua logi. Fundi alipobanwa akapandisha kikomo hadi laki moja. Alama zikaingia, wakamshukuru, na mlango uliofungwa mwaka 2012 ukawa umefunguliwa tena. Sisi tulirudisha kikomo na kuigawa fomu kwa mikondo, A, B na C. Ni kazi ya siku nzima, haionekani kwenye picha, na tuliitoza.

Njia ya mkato ya pili ni kununua seva kubwa zaidi. Ramu haisaidii hapa, kinacholemewa ni prosesa, na anayekushambulia anaongeza majina machache tu, gharama yako mpya inakuwa imeliwa. Tulipokea pia tovuti ya nyumba ya wageni iliyopangwa kujizima na kujiwasha kila nusu saa ili "isikwame". Mgeni anayejaza fomu ya chumba anakatwa katikati, anahamia kwa jirani. Hasara hiyo walikuwa wanailipa kila wiki bila kuletewa ankara.

Kwetu tunachukua bekapu kwanza, na tunaijaribu kama inarudi. Tunatengeneza nakala ya tovuti pembeni, tunaiwekea toleo jipya, tunasoma logi mstari kwa mstari. Ukitoka PHP 5 kwenda 7, amri ya mysql_query, ya kuulizia hifadhidata, haipo tena. Ukienda 8, amri za each() na create_function zimeondolewa. Plagini (programu ya nyongeza) moja ya zamani inayozitumia inatosha kukuachia ukurasa mtupu. Kila fomu tunaijaza hadi mstari wa mwisho. Tunahamisha usiku, asubuhi tunaangalia logi tena. Nani afanye hayo yote kwa bei ya kubonyeza?

Aliye kwenye 7.4 ajue msaada rasmi ulikoma tarehe 28 Novemba 2022, na wa 5.6 ulikoma mwisho wa 2018. Seva kuwaka vizuri leo haina maana viraka bado vinakuja. Kabla hujatupigia, tuandalie mambo mawili: toleo lako la PHP, na fomu yako kubwa kuliko zote ina visanduku vingapi. Hapo tutakutajia bei kamili kabla ya kugusa chochote.