Risala ya wakazi wa mtaa kwa Mgeni Rasmi: maombi ya kutambuliwa na jiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa jiji mlioambatana naye,
Wakazi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya umoja wa wakazi wa mtaa huu, tunakukaribisha kwa furaha. Tunajua umesomewa risala nyingi ndefu. Hii tumeipunguza mara mbili, na katibu wetu bado analalamikia aya alizofutiwa.

Mheshimiwa, umoja wetu umeomba kutambuliwa rasmi na jiji. Tulipoanza tulidhani ni suala la barua na muhuri. Kumbe jiji linataka katiba iliyopitishwa na mkutano mkuu, viongozi waliopigiwa kura, mihtasari ya vikao, ramani ya mipaka na uanachama ulio wazi kwa kila mkazi. Hili la mwisho lilitunyoosha. Katiba yetu ya kwanza ilimpa kura mwenye nyumba peke yake. Mpangaji aliruhusiwa kuhudhuria, kusikiliza na kupanga viti. Ikarudishwa. Tulinung'unika, lakini ukweli usemwe, jiji lilikuwa na haki. Leo mweka hazina wetu ni mpangaji, na vitabu vya fedha havijawahi kuwa safi kama sasa.

Mipaka ndiyo iliyotuumiza kichwa zaidi. Ramani tuliichora wenyewe kwa penseli nyekundu, na mstari ukapita katikati ya barabara. Afisa aliyeipokea akauliza swali moja tu: nyumba zinazotazamana hapo ni za nani? Hatukuwa na jibu, kwa sababu majirani zetu wa umoja wa pili nao walikuwa wameishika barabara hiyo hiyo. Tulikaa vikao vitatu, kimoja kikavunjika. Mwishowe tukakubaliana kwamba mpaka uwe mtaro ulio nyuma ya nyumba, na viongozi wa pande zote mbili wakatia sahihi pembeni. Ramani hiyo iko mezani pako. Doa la chai ni la mwenyekiti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na hayo tunalo dukuduku. Fomu yetu imerudishwa mara tatu, na kila mara kwa kasoro iliyokuwemo tangu siku ya kwanza. Tunaomba mwombaji aelezwe kasoro zake zote kwa mkupuo mmoja, kwa maandishi, na apewe tarehe ya kujibiwa.

La pili ni kubwa zaidi. Masharti yote tuliyosoma yanatufunga sisi. Hatujaona linalolifunga jiji. Sehemu nyingine haiko hivyo. Mwaka 1999 wapiga kura wa Los Angeles, Marekani, walipitisha katiba mpya ya jiji iliyoanzisha mabaraza ya mitaa. Mabaraza hayo yana masharti magumu kuliko yetu: eneo kwa kawaida liwe na wakazi wasiopungua 20,000, na ajenda ya kikao cha kawaida ibandikwe hadharani saa 72 kabla. Lakini katiba hiyo hiyo inalitaka jiji liyape mabaraza taarifa mapema na nafasi ya kutoa maoni kabla ya uamuzi kufanywa.

Nasi tunaomba hivyo. Matumizi ya kiwanja yakitaka kubadilishwa, au barabara ikitaka kufungwa, umoja uliotambuliwa upate taarifa wakati maoni bado yana kazi. Kuliona tangazo siku ambayo katapila limeshawashwa hakutusaidii.

Kwa upande wetu, mkutano mkuu utafanyika kila mwaka, uchaguzi hautaahirishwa, na orodha ya viongozi italetwa ofisini kwako kila inapobadilika.

Mheshimiwa, fomu ya nne imo ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na katiba na mihtasari. Tunaomba uipokee kwa mkono wako.

Tunaomba kuwasilisha.