Barua kwa Rehema kuhusu Raizel

Tanga, Jumapili

Rehema rafiki yangu,

Natumai nyote hamjambo. Mama mpe shikamoo yangu, na wanao uwabusu kwa niaba yangu. Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu.

Swali lako limenikaa kichwani tangu uniulize. Ulisema hadithi ya mtu asiyekufa haiwezi kukushika, kwa sababu kama shujaa hafi, msomaji aogope nini? Kwenye simu nilikujibu kwa haraka, na jibu lile halikuniridhisha, kwa hiyo nakuandikia.

Katuni niliyokuwa nakusifia inaitwa Noblesse. Aliyeitunga ni Son Jeho, mchoraji ni Lee Kwangsu, wote Wakorea. Ilianza kutoka kwenye Naver, tovuti ya Kikorea, mwishoni mwa 2007 na ikamalizika Januari 2019, sehemu zaidi ya 500. Shujaa wake ni Cadis Etrama Di Raizel. Anaamka ndani ya jeneza, kwenye jengo lililotelekezwa huko Korea Kusini, baada ya kulala miaka 820. Si binadamu, ni wa jamii ya kale ambayo watu wake huishi karne kwa karne, na yeye amepewa jukumu la kuwahukumu wenzake wanaopotoka.

Sasa sikia. Kila Raizel anapopigana, nguvu anazozitoa ni uhai wake mwenyewe. Ni kama mtu mwenye akiba kubwa lakini hana kipato: anachotoa hakirudi. Maadui zake wengi hawamwezi kabisa, na hilo mwandishi halifichi. Ila baada ya pambano unamwona anakohoa damu pembeni, wasikoona wale wanafunzi anaoishi nao siku hizi, na unaelewa ushindi ule umemgharimu nini. Hadithi nyingine za mapigano huwa naomba shujaa ainue mkono. Hii nilikuwa naomba asiuinue. Hofu uliyoniuliza iko hapo, Rehema, na kwangu ilikuwa kubwa kuliko ya kushindwa, kwa sababu ilizidi kadiri alivyoshinda.

Mtumishi wake Frankenstein anajua hesabu hiyo vizuri. Huyu alizaliwa binadamu, mwanasayansi, na amemngoja bwana wake miaka yote ile. Siku hizi ni mkuu wa shule ya sekondari ya Ye Ran. Akiona vita inakuja huwahi yeye mbele ili bwana asiguse nguvu zake, ingawa mkuki mweusi anaoutumia nao humla anayeushika. Mapenzi ya namna hiyo, ya mtu kukimbilia maumivu ili mwenzake asiyafikie, sikuyatarajia kwenye katuni ya mapigano.

Lakini ninachokipenda zaidi ni yale yanayotokea kati ya vita na vita. Zamani, huko Lukedonia, nchi ya jamii yake, Raizel aliishi peke yake kwenye jumba kubwa, amesimama dirishani akiutazama ulimwengu asioingia. Sasa anavaa sare, anakaa darasani na kina Shinwoo, Ikhan na Yuna, ambao wanamwita Rai tu. Simu inamshinda. Njia zinampotea. Akipewa ramyeon, zile tambi za Kikorea, anaziacha zivimbe kwenye mchuzi ndipo ale. Hasemi mengi, karibu hasemi kabisa, na bado unajua anafurahi. Jioni watoto wote wanajazana nyumbani kwa Frankenstein wakila na kupiga kelele. Unaposoma kurasa hizo unajua kabisa uhai wake anautumia kwa ajili ya nini.

Halafu kuna M-21. Huyu aligeuzwa mwili kwenye maabara, akapewa namba, na kumbukumbu zake zote zikafutwa. Yeye na mwenzake M-24 walibaki na shauku moja: kuyajua majina yao halisi. Mapema kabisa M-24 anakufa akimwokoa mwenzake na wale wanafunzi. Nililia. Raizel ana karne nyingi nyuma yake, M-21 hana hata utoto wa kukumbuka, na wanaishia kula meza moja.

Sitakuficha kwamba baadaye vita vinarefushwa mno. Vile vya wale watu wanaogeuka mbwa-mwitu vilinichosha, maneno mengi angani kabla mtu hajarusha ngumi. Zipitie haraka sehemu hizo, wala usijilaumu.

Mwanzoni usikimbie. Katuni hizi zimechorwa ziteremke kwenye simu kwa kidole, na Lee Kwangsu anaacha nafasi ndefu tupu kabla Raizel hajafungua yale macho mekundu. Ukiteremsha kwa pupa utaipoteza ile pumzi. Usianze na filamu ya mfululizo ya mwaka 2020 pia, maana inaruka mwanzo wote, na bila M-24 hutajua kwa nini M-21 anatembea na majonzi vile.

Mwisho sikwambii. Ukifika pale Frankenstein anaposimulia alivyoingia jumba la Raizel kwa mara ya kwanza, akiwa anakimbia waliokuwa wakimsaka, simama uniandikie. Nataka kujua kama wewe unamwona mtumishi au rafiki. Mimi nina jibu langu, ila nitalitoa nikishasoma lako.

Wako akupendaye,
Saumu