Barua kwa mwanangu: Kwa nini sijakupa tarehe ya kurudi

Manzini, Eswatini

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu, na baada ya kukuomba unisalimie bibi yako na wote hapo Makunduchi, nalijibu swali ulilokwisha kuniuliza mara tatu: nitarudi Desemba tarehe ngapi? Sikukwepi. Sikukuu kubwa kuliko zote za ufalme huu, Incwala, ambayo ni ya mazao mapya, haikuchapwa kwenye kalenda ya ukutani, na mwajiri wangu hatoi ruhusa mpaka siku yake itangazwe.

Sikukuu nyingine nyingi hazina taabu. Tarehe 19 Aprili alizaliwa Mfalme Mswati III, tarehe 25 mwezi huo huo ni siku ya bendera, 22 Julai hukumbukwa kuzaliwa kwa baba yake, Sobhuza II, na 6 Septemba ni siku ya uhuru uliopatikana 1968, ambayo wenyewe huiita Siku ya Somhlolo kwa jina la mfalme wao wa kale.

Incwala hufuata mwezi. Wazee huutazama mwezi mpevu ulio karibu na tarehe 21 Desemba, kisha siku kuu ikahesabiwa kutokea hapo. Wewe uliyezoea kukaa roho juu usiku wa kuamkia Idi, ukisubiri redio itangaze kama mwezi umeandama, hili halitakushinda kulielewa.

Mwaka jana, kwa ajili ya Incwala hiyo, kijana wa jirani yangu alikwenda na wenzake kukata matawi ya mti uitwao lusekwane, usiku kwa mbalamwezi, wakayabeba kwa miguu mwendo mrefu hadi kwenye zizi la kifalme. Umeshakua, kwa hiyo nitakwambia: inasadikiwa kwamba majani hayo hunyauka mikononi mwa kijana aliyelala na mke wa mtu au aliyempa msichana mimba. Aliporejea, nyayo zimemvimba, mama yake hakumwuliza kama amekula. Alimwuliza, "Na majani?" Kijana akacheka, akasema yalifika mabichi.

Siku kuu ikifika, mfalme huonja mazao mapya, ndipo watu nao wapate idhini ya kuyala. Siku inayofuata yeye hukaa faraghani, na pale makao makuu ya kifalme ni marufuku kuketi juu ya kiti au mkeka, kupeana mikono, kuimba, hata kujikuna. Mimi nadhani hilo la kujikuna lingenishinda kabla ya adhuhuri. Mwisho huwashwa moto mkubwa wa kuuteketeza mwaka uliokwisha, na mvua hutarajiwa ije iuzime. Nilikikumbuka kibanda chetu kinachochomwa siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa kwetu Makunduchi.

Umhlanga, ambapo wasichana humpelekea Mama wa Mfalme matete ya kutengenezea ua wa makao yake, huja mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, nayo pia husubiri kutangazwa.

Jambo moja mweleze bibi yako, litamfurahisha. Nchi hii haina pwani, lakini kabla ya Incwala wanaume waitwao bemanti, yaani watu wa maji, hutumwa hadi Msumbiji kuchota maji ya bahari, Bahari ya Hindi hiyo hiyo unayoiogelea wewe. Nikisikia wameondoka, nitakupigia simu siku hiyo hiyo, kisha nitakwenda kukata tiketi.

Ni mimi baba yako.