Masista hawana waume, lakini waliofaidika ni wengine

Mhariri habari za kazi, poleni na majukumu.

Naandika kuhusu ile barua ya msomaji mwenzangu mliyoitoa wiki mbili zilizopita, yule aliyesema masista wanazeeka vizuri kwa sababu hawana waume wa kuwapandisha presha. Nimecheka kweli, na mke wangu kaikata akaibandika kwenye friji, kila nikitaka maji naikuta inaniangalia. Lakini jamani hesabu zinasema kitu kingine kabisa, na wanaume ndo tunatakiwa kukaa chini tuzisome.

Kuna mtaalamu wa takwimu za watu anaitwa Marc Luy, yuko Vienna. Huyu alikusanya kumbukumbu za monasteri za Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wamonaki (watawa wa kiume) na masista zaidi ya 11,000, kuanzia mwaka 1890 mpaka 1995. Monasteri zinaandika kila kitu, umezaliwa lini, umeingia lini, umekufa lini, kwahiyo hapo hakuna mambo ya kukisia umri. Akawalinganisha na Wajerumani wa kawaida wa mtaani. Huko mtaani, miaka ya mwisho mwisho ya hesabu yake, mwanamke alikuwa anaishi kumzidi mwanaume kama miaka 6 hivi. Ndani ya monasteri sista anamzidi mmonaki kama mwaka 1 tu! Na hapa ndo pa kuangalia vizuri, aliyesogea sio sista. Sista kaishi karibu sawa na mwanamke wa mtaani mwenye mume, watoto na mawifi juu. Aliyeruka ni mmonaki, kawaacha wanaume wenzake wa nje kwa miaka 4 na ushee.

Kwahiyo ndugu yangu wa ile barua, mume hajamuua mtu hapo. Kama ni kuuana basi tunajiua wenyewe.

Najua kuna atakayesema aah, basi dawa ni kutooa. Hapana. Mabachela wa mtaani, nchi nyingi walikopima, wanakufa mapema kuliko waliooa. Mmonaki hana mke lakini haishi peke yake, hizo ni habari mbili tofauti. Mimi nimekulia karibu na monasteri ya Peramiho, na Peramiho yenyewe ilianzishwa 1898 na Wabenediktini, yaani wamonaki wa Mtakatifu Benedikto, wa St. Ottilien waliotoka hukohuko Bavaria, kwahiyo ratiba yao niliijua kabla sijajua kusoma saa. Baba alikuwa anafanya kazi pale karakana ya useremala na sisi tulikuwa tunapanga siku kwa kengele zao. Kengele ya alfajiri masifu, baadae kazi, kengele ya mchana watu wanakula, wanapumzika kidogo, wanarudi kazini, masifu ya jioni, usiku kimya kabisa. Bruda mzee akikosekana kwenye kiti chake asubuhi, kabla chai haijapoa mtu keshaenda kugonga mlango wake. Mwanaume wa mjini aliyepanga chumba kimoja akikosekana asubuhi nani anajua? Mwenye nyumba, tena mwisho wa mwezi.

Halafu mmonaki hafukuzwi kazi, hadaiwi ada, halali akiwaza kesho atakula nini, na uzeeni anajua atakayemwogesha ni nani. Weka pembeni bodaboda za usiku, pakiti ya sigara, na ule ujinga wetu wa kwenda hospitali siku ya kubebwa. Sio kwamba ni malaika, monasteri ya Weltenburg hukohuko Bavaria inajulikana kwa kupika bia tangu mwaka 1050, Andechs nao wanapika na kuuza, watu wanasafiri kwenda kuinywa. Tofauti nadhani ni kwamba pale bia inakuja na chakula na watu mezani, sisi inakuja na madeni.

Na msidhani ukuta wa monasteri peke yake ni dawa. Zamani ulikuwa unaua. Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu alikufa 1897 ana miaka 24, Bernadeta wa Lourdes 1879 ana miaka 35, wote masista na wote kwa kifua kikuu. Masista vijana walikuwa wanauguza wagonjwa, wanalala wengi sehemu moja, ugonjwa ukiingia unazunguka nyumba nzima. Sista pia ana mzigo wake wa mwili, mwaka 1713 daktari Mwitaliano Ramazzini alishaandika kwamba kansa ya matiti inawapata sana masista, na leo tunajua kuzaa na kunyonyesha kunapunguza hatari hiyo. Kwahiyo anaokoa huku analipa kule.

Mpinzani wangu nampa pointi moja. Hawamchukui kila anayebisha hodi, novisi, yaani anayeanza utawa, anaangaliwa afya kwanza, mgonjwa anarudi nyumbani, kwahiyo labda waliingia wazima tayari. Sawa. Lakini masista nao si walichujwa vilevile? Mbona wao hawakuruka kama wamonaki?

Ila kuna kitu mtu anaingia nacho, hilo silibishi. Kule Marekani tangu 1986 watafiti walifuatilia masista 678 wa shirika la Notre Dame, nyumba zilezile, chakula kilekile. Wakachukua maelezo ya maisha ambayo 180 kati yao waliandika kwa mkono wakiwa wasichana wa miaka ya ishirini na kitu. Waliojaza maneno ya furaha na shukrani waliishi miaka mingi kuliko walioandika kikavukavu. Hiyo nimemsomea mke wangu akaniuliza wewe barua za uchumba uliandikaje, nikabadilisha mada.

Sasa mhariri nina ombi. Hesabu zote hizi ni za Ulaya na Marekani, wakati sisi tuna monasteri za Peramiho, Ndanda na Hanga, tuna mashirika ya masista wazalendo ya miaka mingi, na makaburi yao yana misalaba yenye majina na tarehe zote mbili. Mtume mwandishi mmoja na daftari, siku mbili zinamtosha. Akifika Peramiho anipigie, namba yangu mnayo, nitamwonyesha makaburi yalipo na mchana atakula kwangu.

Msomaji wenu,
Songea