Keshia asilipie kilichoibwa na mwingine

Mhariri,

Jumamosi iliyopita binti wa jirani yangu alipita dukani kwangu akitoka kazini, akanionyesha karatasi yake ya mshahara. Ni keshia katika supamaketi moja hapa Dar es Salaam, huu ni mwezi wake wa tano. Mshahara shilingi 230,000. Chini yake kuna mstari mmoja: "Upotevu wa mali 84,000." Nikamuuliza, umepoteza nini mwanangu? Akasema, "Sijui, mama. Walihesabu stoku ikapungua, wakatugawia wote."

Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu mstari huo naujua. Nimekaa kaunta miaka tisa, kuanzia 2011 hadi 2020, na mara nyingi nimerudi nyumbani na mshahara uliomegwa namna hiyo.

Sisemi kwamba makeshia ni malaika. Nimeona kwa macho yangu bidhaa tatu zikipita kwenye mashine na ya nne ikiingia kwenye mfuko kimyakimya, kwa kuwa anayenunua ni rafiki. Nimeona mteja akilipa taslimu, akaondoka bila risiti, mauzo yakafutwa na noti ikabaki kwa keshia. Wateja nao wanaiba: wembe, losheni, chokoleti, na zaidi ya vyote maziwa ya kopo ya watoto, maana kopo ni dogo, bei yake kubwa, na mtaani halikosi mnunuzi. Mwenye duka anaumia kweli. Ninachokataa ni dawa anayoitumia.

Mwaka mmoja, Desemba, tulihesabu stoku usiku kucha, tukakuta maziwa ya watoto yamepungua vibaya. Tulikuwa wafanyakazi kumi na wanne. Kila mmoja alikatwa 41,000, hata dada wa usafi. Wiki hiyohiyo alikamatwa mama mmoja na kopo moja ndani ya kanga aliyobebea mtoto. Walinzi wakamkalisha chini karibu na mlango, kopo mapajani, kuanzia saa nane mchana hadi tunafunga, ili kila anayeingia amwone. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Polisi hawakuitwa. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kupewa adhabu ya kumdhalilisha, na mama yule hata mbele ya hakimu hakufikishwa. Nilikuwa kaunta namba mbili, hatua chache kutoka alipokaa, na sikusema neno. Hilo linaniuma hadi leo.

Februari nilitumwa stoo kuchukua katoni ya maziwa hayohayo. Za mbele zilikuwa zimekwisha, nikavuta ya nyuma kabisa. Juu gundi yake ilikuwa ya kiwandani, haijaguswa. Lakini nilipoinyanyua, mikono iliruka juu kwa jinsi ilivyokuwa nyepesi. Nikaigeuza: chini imechanwa kwa kisu na kuzibwa kwa selotepu, na ndani wamejaza maboksi yaliyokunjwa. Tulizikuta saba za namna hiyo. Msimamizi wetu, yule aliyetusomea majina ya waliokatwa, alikuwa akiyatoa maziwa mlango wa nyuma pamoja na dereva wa gari la mzigo. Aliondolewa kazini kimyakimya, tukaambiwa tusiongee nje, jina la duka lisichafuke. Ile 41,000 hatukurudishiwa, wala hakuna aliyetuomba radhi.

Sasa naomba wenye maduka wasome kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ili kumkata mfanyakazi fidia ya hasara, ni lazima hasara iwe imetokana na kosa lake yeye mwenyewe. Aelezwe kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na lilivyopigiwa hesabu. Apewe nafasi ya kulipinga. Akubali kwa maandishi. Na jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wake. Robo ya 230,000 ni 57,500. Binti huyu amekatwa 84,000, hana barua, hana sahihi aliyoweka, na siku ya upotevu wenyewe haijulikani.

Tena makato haya hayazuii wizi hata kidogo. Baada ya Desemba ile, mwenzangu mmoja ambaye hakuwahi kugusa kitu alianza kunywa juisi za duka stoo. Nilipomshika mkono aliniambia, "Nimeshazilipia." Nilikosa la kumjibu. Mtu akishalipishwa wizi ambao hakuufanya, utamwambia nini ili aulinde mlango wako?

Leo nina duka langu dogo Tabata na kijana mmoja ninayemlipa. Kila jioni tunahesabu droo wawili, yeye anataja, mimi naandika, kisha tunasaini wote. Mzigo ukija, kila katoni inanyanyuliwa, haitazamwi tu. Mwezi uliopita tulikuta shoti ya 6,500. Tukakaa nayo mpaka tukaipata: mkate na mayai ya jirani aliyekopa, mimi mwenyewe nilisahau kuandika daftarini. Kama ningeanza kwa kukata, ningemkata kijana wa watu kwa kosa langu.

Supamaketi kubwa zina kamera, zina wahasibu, zina walinzi wanaokagua risiti ya mteja aliyenunua sabuni moja. Kwa nini mlango wa nyuma, unaopitisha katoni mia kwa siku, aachiwe mtu mmoja na kalamu yake? Maofisa kazi nao, wakipita kwenye maduka haya, waombe karatasi za mishahara na wautafute huo mstari wa "upotevu". Na mfanyakazi aliyekatwa asikae nalo moyoni: malalamiko ya makato hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na zikipita inabidi kwanza aombe kuongezewa muda.

Binti wa jirani nimemwambia aandike barua ya kuomba mchanganuo wa hiyo 84,000. Ameandika, kwa mkono, ukurasa mmoja, kwa adabu kabisa. Iko kwenye pochi yake tangu Jumapili. Anaogopa akiitoa watamwambia asirudi kesho yake.

Keshia wa zamani,
Tabata, Dar es Salaam