Kabla ya kisiwa, angalieni upepo

Mhariri,

Orodha yenu ya visiwa vya Mediterania vya kutembelea majira ya joto imepangwa kwa uzuri wa picha. Picha haionyeshi upepo, na upepo ndio unaoharibu likizo nyingi za Julai na Agosti.

Miezi hiyo, bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki, hutawaliwa na meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo huku anga ni jeupe, bila wingu hata moja. Visiwa vya Ugiriki vya Mykonos, Paros na Naxos huupata barabara. Ufukwe unaotazama kaskazini hauoteki jua siku hizo kwa mchanga unaoruka. Ule wa upande wa demani, uliokingwa na upepo, hubaki shwari. Boti ziendazo kasi ndizo huzuiwa kwanza, feri kubwa baadaye. Kwa hiyo mwenye ndege ya kurudi kutoka Athens asitegemee boti ya siku hiyohiyo. Avuke jana yake, alale mjini.

Anayetaka maji matulivu atafute bahari ya Ionia, upande wa magharibi wa Ugiriki: Corfu au Kefalonia. Huko upepo wa alasiri huwa mwepesi, na mvua za majira ya baridi huacha vilima vya kijani. Sardinia, kisiwa cha Italia, ina mistral, upepo utokao kaskazini-magharibi; ukianza, dawa yake ni kuhamia fukwe za mashariki.

Santorini, kisiwa kingine cha Aegean, mmeiweka juu kabisa. Vile vijiji vyeupe vya kwenye picha viko juu ya genge la mwamba, mamia ya mita kutoka majini, na chini yake hakuna pa kuogelea pa maana. Fukwe ziko upande wa pili, Kamari na Perissa, zenye mchanga mweusi wa volkano unaounguza nyayo saa sita mchana.

Kuhusu ukubwa: Crete, kisiwa cha Ugiriki, ina urefu wa kilomita 260 hivi na milima inayopita mita 2,400, hivyo mwenye wiki moja achague mji mmoja, Chania au Heraklion, si yote miwili. Malta ni kinyume chake. Visiwa vyake vikuu vitatu havifiki kilomita za mraba 320 na basi hufika karibu kila mahali, ila sehemu kubwa ya pwani ni mawe. Wenye watoto wadogo watafute ghuba ya Mellieħa, yenye mchanga na maji ya kina kifupi.

Bahari huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, ndiyo maana Septemba maji huwa na joto kuliko mwanzoni mwa Juni. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu Italia na Ugiriki. Siku za karibu yake, nafasi za magari kwenye feri huisha mapema kuliko za abiria.

Mkiirudia orodha hiyo, kila ufukwe uandikiwe unatazama upande gani.

Msomaji wenu